Kiwambo gani cha sauti kinaifaa bunduki yangu?

*Naishi Norway na nina kibali cha kuwinda. Bunduki yangu ni ya .308. Kila nikitoka kulenga shabaha, masikio huvuma hadi usiku. Ninunue kiwambo gani cha sauti? Nikikifunga, naweza kuacha vizibo vya masikio? – Msomaji, Trondheim*

Ndugu msomaji, una haki ya kuhofia masikio yako. Mlio wa bunduki hiyo hufika takriban desibeli 160, na mlipuko unaozidi 140 unaweza kuliumiza sikio papo hapo. Kiwambo hupunguza desibeli 20 hadi 30 kwa kupoza gesi na kuipunguzia kasi inapotoka mtutuni. Hakizimi mpasuko wa risasi yenyewe, kwani huruka kwa kasi kuliko sauti. Kwa hiyo, vizibo usiviache.

Kabla ya kulipa, hakikisha tundu lake linapitisha risasi ya .308 na hesi zake zinaoana na za mtutu. Kwa mawindo chagua kifupi na chepesi. Kwa shabaha, cha chuma huvumilia zaidi joto la risasi nyingi. Mpe fundi bunduki akifunge, maana kikikaa upande risasi itakigonga. Kisha rekebisha darubini upya, kwa sababu risasi huweza kuhama ilipokuwa ikipiga. Ukimaliza kupiga, kifungue kikauke, mtutu usishike kutu.

Mvumo ukizidi siku mbili, au sikio likiziba ghafla, muone daktari bila kuchelewa. Usikivu ulioharibiwa na mlio mara nyingi haurudi.