Pumzi ya Mgonjwa Baada ya Kuondolewa Kifuko cha Nyongo

Mgonjwa aliyeondolewa kifuko cha nyongo kwa njia ya matundu madogo huzinduka katika nusukaputi akitazamia maumivu ya tumbo. Mara nyingi, siku hiyo au kesho yake, hushangaa kuona kwamba bega nalo linauma, hasa la kulia, ilhali hakuna kisu kilichogusa bega. Makala haya yataeleza chanzo cha maumivu hayo, na jinsi pumzi ya mgonjwa mwenyewe iwezavyo kumsaidia.

Upasuaji wa namna hii ulifanywa kwanza na Erich Mühe huko Böblingen, Ujerumani, mwaka 1985. Siku hizi daktari hutoboa matundu manne hivi, yenye upana wa milimita 5 hadi 12. Ili apate nafasi ya kuona na kufanya kazi, hulijaza tumbo gesi ya kaboni dayoksaidi hadi likainuka kama hema. Kazi ikiisha gesi hutolewa, lakini kiasi kidogo husalia chini ya kiwambo, yaani ule msuli mpana utenganishao kifua na tumbo, nacho husumbuka.

Neva ya kiwambo hutoka shingoni, na habari za ngozi ya bega huingia katika sehemu hiyo hiyo ya uti wa mgongo. Ni mfano wa nyumba mbili zitumiazo sanduku moja la posta: barua ya kiwambo husomwa kana kwamba imetoka begani. Gesi iliyosalia huyeyuka katika damu, ikafika mapafuni na kutoka kwa pumzi. Basi maumivu hupungua baada ya siku chache.

Hatari iko kwa mgonjwa aogopaye kuvuta pumzi kwa sababu ya maumivu. Sehemu za chini za mapafu husinyaa, makohozi hujikusanya, na nimonia hupata mlango. Kinyume chake, pumzi ndefu ya polepole hupanua mapafu, hulegeza misuli iliyokaza na kutuliza mwili. Zoezi lenyewe ni hili:

1. Lala chali, mgongo umeinuliwa kwa mito, magoti yamekunjwa kidogo. Weka mkono mmoja kifuani na mwingine tumboni.

2. Vuta hewa kwa pua polepole, ukihesabu hadi 4, tumbo liinuke taratibu bila kulazimishwa.

3. Itoe kwa midomo iliyobanwa, kama mtu apulizaye chai ya moto, ukihesabu hadi 6.

4. Rudia mara 5 hadi 10, kila saa uwapo macho. Ukiona kizunguzungu, pumzika.

5. Ukitaka kukohoa, kwanza bana tumbo kwa mto au khanga iliyokunjwa.

Zoezi hili halichukui nafasi ya dawa za maumivu. Mgonjwa azitumie kama alivyoagizwa, na atembee kidogo mara aruhusiwapo.

Aidha, si kila maumivu ni ya gesi. Mgonjwa akipata homa, macho ya manjano, maumivu ya tumbo yanayozidi, kifua kuuma, pumzi kumpaa au mguu mmoja kuvimba, asikae akihesabu pumzi: apelekwe hospitali mara moja.