Mgonjwa wa Baridi Yabisi, Mapafu Nayo Yachunguzwe

Wengi wanaougua baridi yabisi hufika kliniki wakilalamikia vidole vilivyofura, magoti na ugumu wa viungo asubuhi. Kikohozi hawakitaji, kwa kudhani hakihusiani. Huenda kinahusiana.

Katika ugonjwa huu, kinga ya mwili hugeuka na kushambulia mwili wenyewe. Huanza na viungo, lakini kwa baadhi ya wagonjwa hufika kwenye mapafu, yakafura ndani na hatimaye kubaki na makovu. Pafu lenye makovu hukaza, na oksijeni hupita kwa shida kuingia kwenye damu. Makovu hayafutiki. Kinachowezekana ni kuyapunguzia kasi, na hilo hutegemea yamegunduliwa lini.

Shida ni kwamba dalili hujificha. Mtu anayeumwa na magoti hatembei sana, kwa hivyo hajui pumzi yake imepungua. Akihema kwenye kilima kidogo, husema ni umri.

Kikohozi kikipita wiki mbili, ni lazima kupimwa kifua kikuu. Matibabu yake ni bure katika vituo vya umma. Lakini kifua kikuu kisipopatikana, mgonjwa asirudi nyumbani kimya. Amweleze mhudumu kwamba ana baridi yabisi na aonyeshe dawa anazotumia. Eksirei ya kifua inaweza kuonekana sawa mwanzoni. Mara nyingine ni picha ya CT inayoonyesha tatizo, na hiyo huhitaji rufaa.

Dawa nazo zina mambo yake. Methotrexate humezwa mara moja kwa wiki, si kila siku. Mara chache huchokoza mapafu: homa, kikohozi kikavu na kukosa pumzi vikianza ghafla, mgonjwa aende hospitali siku hiyo hiyo. Vidonge vya prednisolone na sindano mpya za baridi yabisi hupunguza kinga, na kifua kikuu kilicholala kinaweza kuamka, ndiyo maana daktari hukipima kabla ya kuanzisha sindano hizo. Hata hivyo, kuacha dawa bila ushauri huuachia ugonjwa nafasi.

Sigara huongeza hatari ya kupata baridi yabisi yenyewe, na pia ya mapafu kuharibika. Kwa anayepikia kuni, jiko liwe mahali penye hewa, na mgonjwa amuulize mhudumu kuhusu chanjo za homa ya mafua na nimonia.