Homa ya Ini ya Namna ya C: Njia ya Matibabu kwa Mtu Asiye na Bima

Somo la mwezi huu ni la mwili, lakini walimu na wazee wa usharika na walisome kwa makini, kwa maana wagonjwa wengi hufika kwao kwanza kabla ya kufika kwa daktari. Neno kuu la somo ni hili: homa ya ini ya namna ya C huponywa kwa vidonge, na bei ya vidonge hivyo leo si ile iliyowatisha watu hapo kwanza. Basi mtu asiye na bima ya afya asirudi nyumbani kungojea kufa. Na aulize kwanza.

I. Ugonjwa wenyewe

Ini limo upande wa kuume wa tumbo, chini ya mbavu. Kazi zake ni nyingi: husafisha damu, huweka akiba ya chakula cha mwili, na kusaidia damu kuganda mtu ajikatapo. Vijidudu viitwavyo virusi vikiingia ndani yake huliunguza polepole, na ugonjwa huo ndio tuuitao homa ya ini.

Tusiuchanganye na homa ya manjano, ambayo huletwa na mbu. Tena homa za ini zenyewe ni za namna mbalimbali. Namna ya A huenezwa na chakula na maji machafu. Namna ya B huenezwa kwa damu, kwa kujamiiana, na kutoka kwa mama hata kwa mtoto. Hiyo ina chanjo, lakini dawa zake kwa kawaida huizuia tu, haziiondoi. Namna ya C huenezwa hasa kwa damu. Hiyo haina chanjo, bali ina dawa ya kuiponya kabisa. Kwa hiyo aambiwaye kwamba ana homa ya ini na aulize mara moja, “Ni ya namna gani?” Asipoulize, huenda akatumia fedha yake kwa ugonjwa asio nao.

Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba watu wapata milioni 50 wanayo namna ya C, na ya kuwa katika mwaka 2022 iliwaua watu wapata 242,000. Kati ya watu 100 walioambukizwa, wapata 30 huishinda kwa nguvu za mwili wao wenyewe katika miezi sita ya kwanza. Wale wengine hukaa nayo. Wengi wao hawaumwi lolote kwa miaka mingi. Hulima, hufanya biashara, huimba katika kwaya. Lakini baada ya miaka ipatayo 20, watu 15 hata 30 katika kila 100 wa hao waliobaki nayo huwa na ini lililojaa makovu na kukakamaa, na wengine hupata saratani ya ini. Tumbo likiisha kujaa maji na macho kuwa ya manjano, matibabu huwa magumu, na gharama huwa kubwa mara nyingi zaidi. Asiye na fedha ndiye apasaye kuwahi.

II. Ugonjwa huu si wa kuonea haya

Wako wasemao kwamba kila mwenye ugonjwa wa ini ni mlevi. Sivyo. Ni kweli pombe huliharibu ini, na mwenye homa hii aiache kabisa. Lakini virusi hivi huingia kwa njia ya damu: kwa sindano isiyosafishwa, kwa damu ya kuongezwa isiyopimwa, kwa wembe wa kinyozi au wa kuchanjia uliotumiwa kwa watu wengi, kwa sindano wanazopeana watumiaji wa madawa ya kulevya. Mara nyingine mtoto hupata kwa mama yake wakati wa kuzaliwa. Ugonjwa hauambukizwi kwa kushikana mikono, wala kwa kula sahani moja, wala kwa kukumbatiana, wala kwa maziwa ya mama.

Tutazame habari za nchi ya Misri. Tangu miaka ya 1950 hata miaka ya 1980 serikali ya huko iliwatibu wakulima wengi ugonjwa wa kichocho kwa sindano. Nia ilikuwa njema, na kichocho kilikuwa kikiwaua watu kweli. Lakini sindano zilirudiwa kwa mtu baada ya mtu pasipo kuchemshwa ipasavyo, na virusi vya namna ya C vikapita katika damu za watu. Hakuna aliyejua, kwa kuwa virusi hivyo havikutambuliwa mpaka mwaka 1989. Ilipofanyika hesabu ya mwaka 2008, katika kila watu 100 wa umri wa miaka 15 hata 59, karibu 15 walionekana kuwa na alama ya ugonjwa huo katika damu yao. Watu hao walikosa nini? Walikwenda kutafuta dawa, basi.

III. Habari ya bei

Dawa mpya ya vidonge iitwayo sofosbuviri ilikubaliwa nchini Marekani mwezi wa Desemba 2013. Bei yake huko ilikuwa dola 84,000 kwa majuma 12, yaani dola 1,000 kwa kidonge kimoja. Hata wenye bima wengi walinyimwa mpaka ini lao liwe limekwisha kuharibika. Habari hiyo ikaenea duniani, na mpaka leo wako watu wasemao, “Dawa hiyo ni ya matajiri.”

Lakini habari haikuishia hapo. Mwaka 2014 Misri ilipatana na kampuni yenye dawa, wakauziwa kwa dola 900 kwa majuma 12. Mwaka huohuo kampuni hiyo iliruhusu viwanda vya India kuitengeneza dawa na kuiuza kwa bei nafuu katika nchi 91, na nchi zetu za Afrika Mashariki zimo. Viwanda vya Misri navyo vikaanza kuitengeneza, bei ikashuka tena na tena, hata ikawa kama dola 45 kwa matibabu yote.

Ndipo tarehe 1 Oktoba 2018 serikali ya Misri ikaanza kuwapima watu wazima wa nchi nzima bure. Katika miezi saba walipimwa watu zaidi ya milioni 49, na wapata milioni 2.2 wakaonekana kuwa na alama ya ugonjwa, wakapelekwa kuchunguzwa na kutibiwa. Waliokuwa na bima walilipiwa na bima. Wasiokuwa nayo walitibiwa kwa gharama ya serikali. Kati ya waliotibiwa na kupimwa tena, karibu 99 katika kila 100 walikuwa wamepona. Mwezi wa Oktoba 2023 Shirika la Afya Duniani liliitambua Misri kuwa nchi ya kwanza kufikia daraja ya dhahabu katika safari ya kuuondoa ugonjwa huo.

Twajifunza nini? Vidonge ni vilevile, na ini la mkulima ni sawa na la tajiri. Kilichobadilika ni bei, na mtu wa kuilipa. Kwa hiyo maswali mawili yampasa kila mgonjwa asiye na bima: “Bei ni kiasi gani hapa, leo?” na “Yuko nani awezaye kunisaidia kulipa?” Asiyauliziye jirani yake, ayaulize hospitalini.

IV. Hatua tano za kufuata

Maskini hupoteza fedha kwa kutokujua mpango. Huu ndio mpango, hatua kwa hatua.

Ya kwanza, kipimo cha alama. Hiki ni chepesi, hutumia tone la damu, na majibu hupatikana upesi. Kikionyesha alama, maana yake ni kwamba virusi viliwahi kuingia mwilini. Hakisemi kama vingalimo. Mtu asitafute kipimo hiki kwa kwenda kuchangia damu, maana anaweza kumhatarisha atakayeipokea.

Ya pili, kipimo cha virusi vyenyewe. Hiki ndicho cha kuwekea fedha, kwa kuwa ndicho kisemacho kama mtu ni mgonjwa. Mashine ile ipimayo kifua kikuu kwa makohozi katika hospitali nyingi yaweza kupima na virusi hivi, ikiwa kifaa chake cha kupimia kipo. Na aulize. Kipimo kisipoona virusi, kwa kawaida huyo ni mmoja wa wale walioshinda wenyewe, wala hana haja ya dawa.

Ya tatu, kulichunguza ini. Si lazima kuanza kwa mashine ya bei kubwa. Daktari aweza kukadiria makovu ya ini kwa vipimo vya kawaida vya damu na hesabu fupi. Hapo pia apimwe homa ya ini ya namna ya B, kwa sababu dawa ya C yaweza kuiamsha ile ya B iliyolala.

Ya nne, dawa. Itumiwayo mahali pengi penye bei nafuu ni sofosbuviri pamoja na daklatasviri, kila siku, kwa kawaida majuma 12. Huponya zaidi ya watu 95 katika 100. Mgonjwa amwambie daktari dawa zote azitumiazo, hasa za kifua kikuu, za kifafa na za moyo, maana nyingine hupigana nazo. Mama mwenye mimba aseme pia. Siku zisirukwe, wala vidonge visigawanywe na ndugu. Tena visinunuliwe kwa wachuuzi wa njiani.

Ya tano, kupimwa tena majuma 12 baada ya kumaliza dawa. Hapa hurudiwa kile kipimo cha pili, wala si cha kwanza. Alama ya kwanza hubaki katika damu siku zote, hata kwa aliyepona. Wengi wamefadhaika bure kwa kutojua hilo. Naye aliyepona aweza kuambukizwa upya, basi aendelee kujihadhari na nyembe na sindano.

Zaidi ya hayo, si lazima kila mgonjwa aende kwa bingwa wa mjini. Tangu mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani limeshauri kwamba madaktari wa kawaida na wauguzi waliofundishwa waweza kuwatibu wagonjwa wengi karibu na kwao. Wenye ini lililokwisha kukakamaa ndio hasa wa kupelekwa mbele.

V. Wa kuendewa ni nani, na usharika ufanye nini

Mgonjwa aombe hospitalini orodha ya gharama iliyoandikwa: kipimo hiki kiasi gani, dawa kiasi gani, kurudi mara ngapi. Katika hospitali za serikali za Tanzania iko ofisi ya ustawi wa jamii, ambayo kazi yake moja ni kusikiliza habari za wasioweza kulipa. Aende huko kabla ya kukopa na kabla ya kuuza shamba. Aulize pia kama pana mpango wa serikali au wa shirika utoao vipimo au dawa kwa bei ndogo. Akipata nafasi ya kujiunga na bima, ajiunge, lakini kipimo kisingoje bima.

Nao usharika una sehemu yake. Mara nyingi kinachomzuia mgonjwa ni nauli ya kwenda mjini na gharama ya kile kipimo cha pili. Kiasi hicho huenda kisimshinde mzee wa kanisa mwenye kukusanya sadaka ya wahitaji. Mwalimu na amsindikize asiyejua kusoma, amwandikie majibu na siku za kurudi. Lakini jina la mgonjwa lisitajwe mbele ya watu, wala ugonjwa wake usitangazwe kwa kisingizio cha kumwombea msaada. Aliyetuamini kwa siri yake, tukimvunjia, hatarudi kwetu, wala hospitalini hatakwenda.

Maswali ya kuulizana darasani

1. Kwa nini kipimo cha kwanza peke yake hakitoshi?
2. Watu wa Misri walipataje ugonjwa, na habari yao yatufundisha nini juu ya kuwahukumu wagonjwa?
3. Bei ya dawa ilikuwa kiasi gani mwaka 2013 huko Marekani, na ilishuka hata kiasi gani huko Misri?
4. Katika mtaa wenu, kipimo cha pili hupatikana hospitali gani, na kwa bei gani? Mmoja wenu na aende akaulize, aje na jibu siku ya darasa lijalo.