Unamwogopa Nani? Shule na Visu vya Wanafunzi

Mwalimu akikuta kisu ndani ya begi la mwanafunzi, wazo la kwanza ni fimbo, la pili ni barua ya kufukuzwa. Fimbo ilipigwa marufuku katika shule za Kenya mwaka 2001. Barua nayo humtoa kijana wa Kisauni au Likoni, Mombasa, darasani na kumpeleka maskani, ambako magenge ya mapanga yanatafuta watu.

Kisu hicho mara nyingi hubebwa kwa hofu: fulani anacho, nami niwe nacho. Polisi wa Strathclyde huko Uskoti walipounda kitengo cha kupunguza ukatili mwaka 2005, kwa sababu ya visu vya vijana wa Glasgow, waliamua kuushughulikia ukatili kama maradhi, yaani kutafuta chanzo kabla ya kuhesabu waliokamatwa. Shule ya Mombasa inaweza kufanya hivyo bila bajeti.

Anza na njia. Wape wanafunzi karatasi zisizo na majina, kila mmoja achore njia yake ya kurudi nyumbani na kutia alama pale anapoogopa. Alama zikirundikana kwenye uchochoro mmoja, usingoje muhula uishe. Mwone mzee wa mtaa na chifu, panga wanaopita huko waondoke pamoja, mwalimu wa zamu awasindikize kwa macho hadi barabarani. Masomo ya jioni yanayowaachilia watoto gizani yafutwe. Hakuna alama ya hisabati inayofidia safari hiyo.

Halafu itazame shule yenyewe. Zipo zinazoagiza kila mtoto aje na panga au fyekeo siku ya usafi, kisha zinashangaa panga kuonekana kwenye matatu jioni. Vifaa viwe vya shule, vihesabiwe, vifungiwe stoo. Wembe wa kuchongea penseli upishe kichongeo.

Msako una nafasi yake, mradi usichague sura. Likaguliwe darasa zima, wasichana wakaguliwe na mwalimu wa kike, na awepo shahidi. Ukiwapekua wa mtaa mmoja tu, umewaambia kuwa shule nayo ni adui.

Kisu kikipatikana, kichukue, kifungie, andika tarehe, mwite mzazi. Zungumza na kijana faraghani, na umuulize kwanza: unamwogopa nani? Akiwa ametishia au kuumiza mtu, polisi na afisa wa watoto wahusishwe. Akiwa amebeba tu, abaki shuleni chini ya mwalimu wa ushauri nasaha. Ukilazimika kumsimamisha, mpe siku ya kurudi na mtu wa kumfuatilia nyumbani. Mwalimu wake wa madrasa huenda akasikizwa kuliko wewe.

Usibandike ukutani picha za visu na damu. Humtisha asiyebeba, naye akaanza kubeba. Afadhali wafundishwe huduma ya kwanza: kisu kilichokwama mwilini hakichomolewi, jeraha hubanwa pembeni yake kwa kitambaa safi hadi msaada ufike. Na wanafunzi wa madarasa ya juu wafunzwe kuongea na wa madarasa ya chini, maana siri ya nani ana kisu huwafikia wanafunzi kabla ya mwalimu.

Namba 116 ya kusaidia watoto hupigwa bure kote Kenya. Iandikeni kwenye kila ubao wa matangazo.