SOMO KWA MAKATIBU: GARI LA CHAMA LIKIIBWA, NANI ATALIPA?

Ndugu Katibu, kabla hujaendelea na somo hili, tafadhali fungua jalada la gari la chama chako utoe hati ya bima. Tazama mahali palipoandikwa aina ya bima. Ikiwa ni bima ya mtu wa tatu, ile ambayo watu wengi huiita bima ndogo, basi fahamu ya kwamba gari hilo likiibwa usiku wa leo chama hakitalipwa hata senti moja.

Jambo hili huwashangaza wanachama. Husema, "Lakini gari letu lina bima!" Ni kweli linayo, na polisi wa barabarani akiikagua hataona kosa. Sheria humlazimisha kila mwenye gari awe na kinga kwa ajili ya madhara ambayo gari lake litawaletea wengine, kama vile mpita njia aliyegongwa. Haimlazimishi mtu kuilinda mali yake mwenyewe. Hilo imemwachia mwenye mali, na katika ushirika mwenye mali ni mkutano mkuu.

Juu ya bima hiyo ziko nyingine mbili. Moja ni ya mtu wa tatu pamoja na moto na wizi: gari likiungua au likiibwa utalipwa, lakini ukiligonga kwenye mti utalitengeneza kwa fedha zako. Nyingine ni bima kubwa, ambayo hukinga ajali pia. Kwa chama chenye pikapu ya zamani, na ambacho hakimudu ada ya bima kubwa, hiyo ya katikati yafaa kuulizwa. Mawakala wengine hawaitaji mpaka waulizwe.

Sasa tuje kwenye fedha zenyewe. Tuseme chama kilinunua pikapu kwa shilingi milioni 40, kikaikatia bima kwa thamani hiyo, na kila mwaka kikaandika milioni 40 ile ile kwa mazoea. Gari linaibwa wakati bei yake sokoni ni milioni 28. Kwa kawaida kampuni italipa bei ya soko ya siku ya wizi, wala si kiasi kilichoandikwa. Na ikiwa mkataba unasema mwenye bima atabeba asilimia 10 ya hasara, chama kitapokea milioni 25 na laki mbili. Kumbe miaka yote hiyo kililipia ada ya thamani ambayo haikuwapo. Kinyume chake ni hatari zaidi: aliyeandika milioni 15 ili ada ipungue, hatalipwa zaidi ya milioni 15. Thamani ya gari ikadiriwe upya kila mwaka kabla bima haijahuishwa.

Madai mengi huharibikia katika masharti yale yaliyochapwa kwa herufi ndogo. Gari liliandikwa kuwa ni la matumizi binafsi, nalo lilikuwa likibeba mizigo ya watu kwa malipo. Dereva aliacha ufunguo ndani ya gari akaingia dukani. Au, na hili ndilo gumu kuliko yote, aliyelichukua gari ni yule yule aliyekabidhiwa. Mikataba mingi haihesabu kuwa ni wizi ikiwa mtu aliyeaminiwa na chama, au mkodishaji, ameondoka na gari asirudi. Muulize wakala jambo hilo kwa barua, naye ajibu kwa barua. Jingine ni jina lililo katika kadi ya gari. Chama kilichoandikishwa ni mtu mbele ya sheria na chaweza kumiliki mali. Lakini viko vyama ambavyo gari lao limo katika jina la mwenyekiti wa zamani, kwa sababu siku ya kununua ndiye aliyekwenda mjini. Likiibwa, kampuni itauliza ni mali ya nani, na jibu litachukua miezi.

Wizi wa magari si kazi ya mtu mmoja mwenye bisibisi. Gari huibwa nchi moja, likavushwa mpaka, likabadilishwa namba na kuuzwa nchi nyingine, au likavunjwa na kuuzwa vipuri. Ndiyo maana wakuu wa polisi wa nchi za Kusini mwa Afrika waliunda chombo chao cha ushirikiano, SARPCCO, mwaka 1995, na wale wa Afrika Mashariki wakaunda EAPCCO mwaka 1998. Tanzania imo katika vyote viwili. Interpol nayo hutunza orodha ya magari yaliyoibwa duniani. Mwezi Machi 2025 polisi wa nchi 12 za Afrika Magharibi walikagua magari kwa kutumia orodha hiyo, wakagundua karibu magari 150 ya wizi, na mengi yao yalitoka Kanada. Ikiwa gari laweza kuvuka bahari ya Atlantiki, pikapu yetu yaweza kuvuka mto.

Lakini orodha hiyo haimo gari ambalo mwenyewe hakulitolea taarifa, na hulitambua kwa namba ya chesisi, si kwa rangi wala namba za usajili ambazo mwizi hung'oa kwanza. Magari yaliyotumika yanayotoka Japani mara nyingi yana namba ya chesisi iliyo fupi kuliko ile ya tarakimu na herufi 17 ya magari mengine. Iandike kama ilivyogongwa kwenye chuma, pamoja na namba ya injini, na nakala ikae mbali na gari. Tumepata kuona kadi ya gari ikitunzwa ndani ya gari lenyewe "ili isipotee".

Kwa vyama vinavyovuka mpaka: Kadi ya Njano ya COMESA ni kinga ya mtu wa tatu pamoja na gharama za matibabu ya dereva na abiria, wala haikingi wizi. Kinga ya wizi ng'ambo ni lazima iombwe kwa kampuni na iandikwe katika mkataba.

Likiibwa, nenda polisi saa ile ile, upate namba ya taarifa, ile RB, kisha iarifu kampuni kwa maandishi siku hiyo hiyo. Usingoje kikao cha bodi. Kampuni itadai kadi ya gari, leseni ya dereva na funguo zote mbili, kwa hiyo ule wa akiba usikae kwenye mnyororo mmoja na wa kila siku. Polisi watahitaji muda wa upelelezi kabla ya dai kulipwa. Katika makisio ya msimu, tengeni fedha za kukodi usafiri wa mazao kwa kipindi hicho. Gari likipatikana baada ya fidia kulipwa, ni mali ya kampuni. Na kampuni ikikataa dai, iombwe kutoa sababu zake kwa barua, maana barua hiyo ndiyo mtakayopeleka kwa msuluhishi wa migogoro ya bima.