Vijidudu Vinavyokula Sumu

Mara nyingi sisi wauguzi tunawafundisha kuviogopa vijidudu. Mwezi huu tunataka kuwatetea bakteria wanaoishi katika majitaka, kwa sababu wanatufanyia kazi kubwa na watu wengi huwaua bila kujua.

Maji ya chooni na jikoni yakiingia katika shimo la septiki, uchafu mzito hutua chini, na bakteria wasiohitaji hewa huanza kuula. Katika miji kadhaa maji hayo hupelekwa kwenye mabwawa, kama yale ya Dandora, Nairobi. Humo jua huotesha mwani, mwani hutoa oksijeni, na bakteria wapendao hewa huitumia wanapokula uchafu. Pasipo na nafasi ya mabwawa, hewa hupulizwa kwa mashine. Njia hiyo ilitangazwa mwaka 1914 na Edward Ardern na William Lockett wa Manchester, Uingereza. Siri yao ilikuwa kutolitupa tope. Mwanzo maji yalichukua wiki kadhaa kusafika. Walipolibakiza tope lenye bakteria na kuongeza maji mapya, kazi ilikwisha kwa siku moja.

Ajabu ni kwamba baadhi yao hula hata sumu. Chukueni fenoli. Sisi wauguzi wa zamani twaijua kwa jina la asidi ya kaboliki, ambayo Joseph Lister aliitumia kwenye vidonda huko Glasgow mwaka 1865 ili kuua vijidudu. Leo hutoka katika majitaka ya viwanda. Bakteria wakiipata kidogo kidogo, huizoea na kuivunja mpaka ibaki maji na hewa ukaa. Wakiipata nyingi kwa mara moja, hufa.

Hapo ndipo nyumba zetu zinapohusika. Mtu amemaliza kupulizia nyanya, anaosha bomba la dawa na kumwaga masalio chooni. Mwingine humwaga oili chafu ya gari, au chupa nzima ya dawa kali ili kuondoa harufu. Baada ya siku chache harufu hurudi kwa nguvu! Bakteria wamekufa, uchafu hauliwi, na sumu yaweza kupenya ardhini hadi kisimani. Sumu nyingine huwashinda hata bakteria hodari: DDT hukaa udongoni miaka mingi, na huingia katika mafuta ya mwili na maziwa ya mama.

Changanyeni dawa ya kutosha shamba la siku hiyo tu. Chupa tupu isuuzwe mara tatu, na maji yake yatiwe ndani ya bomba yapuliziwe shambani. Oili chafu iwekwe katika dumu na kupelekwa gereji inakokusanywa. Choo chatosha sabuni na maji. Kisima kiwe mita 30 au zaidi kutoka shimo, upande wa juu wa mteremko.

Akina mama hutuuliza kama kuchemsha maji kunatosha. Kuchemsha huua vijidudu vya kipindupindu na homa ya matumbo, lakini msikutegemee kuondoa dawa ya wadudu. Maji yakinuka dawa au kuonyesha utando wa mafuta, msiyanywe wala kuyapikia. Mwiteni bwana afya.