Wanawake wa Cherehani: Wahamiaji Walioivisha Marekani

Kwa nini ushonaji wa New York uliangukia mikononi mwa wanawake wahamiaji?

Kuanzia miaka ya 1880, Wayahudi wa Ulaya Mashariki na Waitaliano walimiminika mjini humo. Cherehani haikudai Kiingereza, na wasichana wengi walikuwa wameshika sindano tangu kwao. Mwenye kiwanda naye alijua kuwa aliyeshuka melini juzi, tena anadaiwa kodi ya chumba, hatabishania ujira.

Walikuwa wanyonge wa kunyamaza tu?

La, na hapo ndipo simulizi nyingi huwakosea. Usiku wa 22 Novemba 1909, katika mkutano wa washonaji ukumbini Cooper Union, wasemaji walifuatana jukwaani bila kutoa uamuzi. Clara Lemlich, mzaliwa wa Ukraine mwenye miaka 23, akaomba nafasi, akasema kwa Kiyidishi: tugome. Wakagoma washonaji wapatao 20,000, wengi wao wasichana. Walipigwa, wakatiwa mbaroni, wakasimama kwenye baridi kali hadi Februari 1910. Viwanda vingi vilisaini mkataba na chama chao. Kiwanda cha Triangle kilikataa.

Ndicho hicho kilichokuja kuungua moto?

Ndicho. Jumamosi ya 25 Machi 1911, kazi ikikaribia kufungwa, moto ulizuka ghorofa ya 8. Ghorofa ya 9 mlango mmoja ulikuwa umefungwa kwa ufunguo, maana wafanyakazi walitolewa kwa njia moja ili wapekuliwe mikoba, wasije wakaiba kitambaa. Ngazi ya chuma ya nje ikaporomoka na watu wake. Ngazi za zimamoto ziliishia ghorofa ya 6. Wengi waliruka madirishani. Walikufa 146, wakiwemo wanawake na wasichana 123. Wadogo kabisa walikuwa na miaka 14. Naomba tusiuite ajali. Mlango ule ulifungwa na mtu.

Wenye kiwanda waliadhibiwa?

Max Blanck na Isaac Harris walishtakiwa, na Desemba 1911 wakaachiwa huru. Familia zilizofungua madai zililipwa dola 75 kwa kila marehemu, mwaka 1914.

Je, sheria zilibadilika?

Zilibadilika: milango isifungwe saa za kazi, wafanyakazi wafundishwe kuukimbia moto. Frances Perkins, aliyeushuhudia moto ule kwa macho yake, aliteuliwa Waziri wa Kazi mwaka 1933, mwanamke wa kwanza katika baraza la mawaziri la Marekani.

Cherehani zenyewe zilihamia kwa wahamiaji wengine. Mwaka 1982, washonaji wanawake wa Kichina wapatao 20,000 waliandamana Chinatown, New York, nao wakaupata mkataba wao.